Kumsomesha yatima katika shule ya kanisa Tanzania ukiwa nje ya nchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wanaoishi Uingereza, Marekani, Ghuba na kwingineko ambao wanataka kumlipia masomo mtoto aliyefiwa au wa familia isiyojiweza, na wangependa asome katika mazingira ya Kikristo. Yanahusu Tanzania Bara. Kuhusu nchi jirani tumegusia karibu na mwisho.

Je, lazima mtoto awe amefiwa na wazazi wote wawili?

Hapana. UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na baba, mama, au wote. Kwa kweli wanaokwama zaidi mara nyingi si wale walio katika makao ya watoto, bali wanaolelewa na bibi mzee au shangazi mwenye watoto wake watano. Msaidie mtoto hapo alipo. Usiweke sharti kwamba ahamie kwenye makao ndipo umlipie, kwa sababu sharti hilo huwafanya ndugu wamtoe mtoto nyumbani ili apate ada. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, likihimiza malezi ya familia badala ya taasisi, na ndivyo wanavyoelekeza pia maafisa ustawi wa jamii. Kama mtoto tayari yuko kwenye makao, omba kuona usajili wa makao hayo chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Barua ya usajili wa shirika peke yake haitoshi kuendesha makao ya watoto.

Si elimu ni bure? Nalipia nini?

Ada katika shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita vikaongezwa katika mwaka wa fedha 2022/23. Kinachobaki ni sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana, na nauli au hosteli pale shule inapokuwa mbali. Kwa bibi anayeuza mboga, hayo tu yanatosha kumkalisha mtoto nyumbani. Shule za kanisa ni za binafsi na zinatoza ada.

Hapa tuseme wazi tunachoamini: si kila mtoto anahitaji bweni la kanisa. Kwa fedha inayomlipia mwanafunzi mmoja wa bweni, unaweza kuwavalisha, kuwalisha mchana na kuwanunulia vifaa watoto kadhaa wa shule ya kata. Na hata shule ya serikali ina vipindi vya dini, ina vyama vya wanafunzi: UKWATA kwa wa makanisa ya Kiprotestanti, TYCS kwa Wakatoliki na CASFETA kwa Wapentekoste. Bweni la kanisa lina thamani kubwa pale nyumbani pasipo na usalama, pale binti anapotembea mbali kwenda shule, au pale mlezi anapougua.

Elimu ya Kikristo katika shule hizi ni ipi hasa?

Mtaala ni wa taifa na mitihani ni ya Baraza la Mitihani (NECTA) kama shule nyingine yoyote. Kinachoongezeka ni sala za asubuhi na jioni, ibada ya Jumapili (Jumamosi kwa Waadventista Wasabato), kwaya, mafundisho ya kipaimara au komunyo, na mlezi wa kiroho anayeishi shuleni. Somo la Maarifa ya Biblia hutahiniwa kidato cha nne, ila si kila shule ya kanisa inalifundisha kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo uliza. Seminari ndogo za Kikatoliki ni jambo jingine: ni za wavulana wanaofikiria upadre, na paroko ndiye anayetoa barua ya kumtambulisha kijana. Usimsukume mtoto huko kwa sababu tu ufaulu ni mzuri.

Angalia pia dhehebu la nyumbani. Mtoto wa familia ya Kilutheri akipelekwa shule ya Waadventista, mlezi aelezwe mapema kuhusu Sabato na vyakula. Migogoro mingi ya likizo huanzia hapo.

Mtoto ni Mwislamu au hana dini. Nifanyeje?

Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuamini. Msaada wa ada usiwe chambo. Mlezi aelezwe kwa maneno yaliyonyooka kwamba shule ina ibada na kila mwanafunzi huhudhuria, kisha aamue, na aweke sahihi. Akikataa, mlipie katika shule nyingine. Mfadhili anayesema "akibadili dini namlipia" amekwisha kumuumiza mtoto.

Gharama kwa mwaka ni kiasi gani?

Ada ya bweni hutofautiana sana. Shule nyingi za kanisa zisizo za kifahari hutoza kati ya shilingi milioni moja na nusu na milioni tatu kwa mwaka, kwa awamu mbili hadi nne. Kosa kubwa ni kudhani ada ndiyo gharama yote. Chukua mfano wa kukadiria wa kidato cha kwanza: ada 1,800,000, mahitaji ya kuanzia 400,000, nauli ya kwenda na kurudi likizo nne, kila safari 20,000, jumla 160,000, matumizi madogo 12,000 kwa miezi kumi, 120,000, akiba ya matibabu na dharura 150,000. Hiyo ni 2,630,000. Mwaka wa pili hadi wa nne mahitaji yakishuka hadi 150,000, kila mwaka unakuwa 2,380,000, na miaka minne yote inafika 9,770,000 kabla ya ada kupanda. Kidato cha pili na cha nne ongeza fedha ya kambi ya masomo wakati wa likizo, ada ya mtihani wa taifa, na mchango wa mahafali.

Mahitaji ya kuanzia yameandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Soma kila mstari. Kwa kawaida utakuta godoro la futi mbili na nusu kwa sita, shuka jozi mbili za rangi iliyotajwa, blanketi, chandarua, tranka na kufuli mbili, ndoo mbili zenye mfuniko, sahani na kikombe, jembe au fyekeo, fagio, rimu ya karatasi, kaunta buku, mkebe wa hesabu, Biblia na kitabu cha nyimbo cha dhehebu. Sweta na sketi mara nyingi hushonwa shuleni na hulipiwa huko huko. Ukizinunua mjini zitakataliwa. Kwa msichana weka taulo za kike za muhula mzima ndani ya tranka siku ya kwanza. Ni kitu kidogo kwenye bajeti, lakini wafadhili wengi hawakitaji na msichana aliyefiwa na mama haoni wa kumwambia.

Nimpate mtoto kwa njia gani?

Usichague kwa picha. Anza na parokia, usharika au jumuiya ndogo ndogo unayoijua, uombe majina yapitie kwa watu zaidi ya mmoja: mchungaji au paroko, mwalimu mkuu, na mtendaji wa kijiji au mtaa. Kisha mtu aende nyumbani kwa mtoto. Aangalie nani anapika, mtoto analala wapi, nani ana mamlaka ya kuamua, na kama kuna mfadhili mwingine tayari. Mtoto mmoja kulipiwa na watu wawili wasiojuana hutokea, hasa pale mtu mmoja ndiye mlango wa taarifa zote. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ajulishwe. Barua yake itahitajika baadaye kwa mambo mengi.

Shule nitaihakiki vipi nikiwa mbali?

Omba vitu viwili: namba ya usajili wa shule na namba ya kituo cha mtihani. Namba ya kituo cha shule ya sekondari huanza na herufi S. Kwa namba hiyo fungua matokeo ya shule kwenye tovuti ya NECTA, ya miaka mitatu mfululizo, si mwaka mmoja. Usitazame daraja la kwanza tu. Hesabu wangapi walifanya mtihani wa kidato cha pili na wangapi wa kundi hilo hilo walifika kidato cha nne. Shule iliyoanza na 90 ikamaliza na 50 inawaondoa wasioshika wastani, na yatima aliyeanza kwa kusuasua ndiye wa kwanza kuondolewa.

Kwa shule za makanisa mengi unaweza pia kuulizia ofisi ya elimu ya jimbo au dayosisi. Kitaifa kuna Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, iliyoundwa mwaka 1992 na Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT).

Nianze maandalizi mwezi gani?

Kwa kidato cha kwanza, Julai ya mwaka uliotangulia. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, masomo huanza Januari, na shule nyingi za kanisa hufanya usaili wao zenyewe kabla ya matokeo kutoka. Anayeanza kutafuta Desemba hupata nafasi zilizobaki. Kidato cha tano huanza Julai. Fedha ya Januari itume mapema Desemba, kwa kuwa benki za Ulaya na Marekani hupunguza kasi kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, na mtoto anayefika bila risiti hugeuzwa getini.

Jambo la kupangia mapema: chini ya mtaala mpya ulioanza 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na wote kuingia kidato cha kwanza Januari 2028. Nafasi zitagombaniwa. Kama mtoto wako yuko katika moja ya makundi hayo, fanya usaili katika shule mbili au tatu.

Ametoka shule ya kijijini inayofundisha kwa Kiswahili. Atamudu?

Hapa ndipo wengi huanguka, na kosa si la mtoto. Darasa la saba amesoma kila kitu kwa Kiswahili, kidato cha kwanza anakutana na Baiolojia, Fizikia na Historia kwa Kiingereza, akiwa amekaa karibu na watoto waliosoma Kiingereza tangu chekechea. Ripoti ya muhula wa kwanza huja na wastani wa 25 au 30, na mfadhili anaandika barua ya ukali. Usifanye hivyo.

Lipia masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, yale ya Oktoba hadi Desemba baada ya mtihani wa darasa la saba. Shule nyingi za kanisa huyatoa na hulaza wanafunzi. Nunua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, mpe yeye mwenyewe, si maktaba. Uliza shule wastani wa kupanda darasa ni ngapi, na uandikiane na mkuu wa shule kabla ya kuanza kwamba mwaka wa kwanza mtoto atapewa nafasi ya kurudia au msaada wa ziada badala ya kuondolewa. Tazama ripoti ya muhula wa pili kuliko ya kwanza. Akipanda kutoka 28 hadi 38, anakwenda vizuri, mwambie hivyo.

Nilipe kwa nani?

Lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la shule, au kwa namba ya malipo ambayo shule imempa mwanafunzi. Usilipe kwa simu ya mwalimu, ya mlezi wala ya mchungaji, hata kama unamwamini. Unamwingiza kwenye jaribu na unajinyima ushahidi. Kwenye maelezo ya malipo andika majina matatu ya mtoto, kidato na muhula. Benki nyingi za nje hukata maelezo marefu, kwa hiyo anza na jina. Fedha ikiingia bila jina, mhasibu ataiona kwenye taarifa ya benki lakini hataiweka kwa mtoto yeyote, na mtoto atatajwa kwenye orodha ya wadaiwa asubuhi mbele ya wenzake.

Tuma hati ya benki kwa mhasibu, kisha dai stakabadhi ya shule. Hivyo ni vitu viwili tofauti: hati inaonyesha fedha imefika, stakabadhi inaonyesha imehesabiwa kwa mtoto wako. Makato ya kutuma yalipwe na wewe, la sivyo shule itapokea pungufu ya elfu thelathini au arobaini na deni hilo litajirudia kila muhula. Nauli na vitu vidogo ndivyo vya kupitia M-Pesa kwa mlezi, siku chache kabla ya shule kufunga, si mwezi mzima kabla.

Kwa nini mnasisitiza vyeti na majina?

Kwa sababu yatima wengi wana majina mawili. Baba alipofariki, mjomba alimwandikisha darasa la kwanza akatumia jina lake la ukoo. Cheti cha ubatizo kina jina la baba mzazi. Cheti cha kuzaliwa hakipo, au kilichukuliwa baadaye kwa jina la tatu. Hakuna anayesumbuka mpaka kidato cha nne, kisha cheti cha NECTA kinatoka na jina lisilofanana na chochote.

Suluhisho ni kufanya kazi hii mwaka wa kwanza wa ufadhili. Cheti cha kuzaliwa kilichochelewa huombwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kwa vielelezo kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, kumbukumbu za shule na barua ya mtendaji. Cheti cha kifo cha mzazi ni kigumu zaidi kama alifia nyumbani akazikwa bila kuandikishwa. Tafuta kibali cha mazishi, barua ya serikali ya kijiji, na mashahidi walio hai na wanaokumbuka tarehe. Kila mwaka unaopita, mashahidi hupungua. Jina lisipolingana, rekebisha kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa taifa, ikibidi kwa hati ya wakili ya kubadili jina. Linganisha herufi kwa herufi: "Jonh" badala ya "John" linatosha kuleta usumbufu.

Naweza kumwandikia, kumpigia, kumtumia zawadi?

Barua, ndiyo, na zina nguvu. Andika kwa Kiswahili chepesi, kupitia shule au ofisi ya usharika, na jua kwamba zitasomwa na mlezi kwanza, ndivyo inavyopaswa. Mwulize kuhusu somo analolipenda, kwaya, rafiki yake wa bweni. Usimwahidi kumtembelea kama hujakata tiketi, wala usitaje viza. Namba yako binafsi na mitandao ya kijamii visibadilishwe na mtoto, na mtu mzima yeyote anayetaka kuwasiliana naye kwa siri azuiwe, hata akiwa mfadhili.

Zawadi kubwa kwa mtoto mmoja humletea wivu na wizi bwenini. Mpira au vitabu vya maktaba kwa darasa zima hufanya kazi vizuri zaidi. Picha yake usiibandike mtandaoni pamoja na jina, shule na habari za ugonjwa uliowaua wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mtoto huyo atakuwa mtu mzima na atajiona.

Napata nafuu ya kodi?

Marekani, fedha unayompelekea mtoto au familia moja kwa moja haikatwi kwenye kodi. Lazima ipitie taasisi ya hisani yenye hadhi ya 501(c)(3) ambayo ina mamlaka kamili juu ya matumizi, na kwa mchango wa dola 250 au zaidi uwe na barua ya kukiri kupokea. Uingereza, ukilipa kodi huko na ukatoa kupitia taasisi ya hisani inayotambuliwa ukajaza fomu ya Gift Aid, taasisi hudai penyi 25 kwa kila pauni moja. Ghuba hakuna hesabu hiyo, ila fuata sheria za kuchangisha za nchi uliyopo; kuzungusha bahasha kazini au kwenye kundi la WhatsApp kunaweza kukuletea matatizo.

Si bora nijiunge na shirika kubwa?

Kwa asiye na mtu wa kumfuatilia kijijini, mara nyingi ni bora. Compassion, lililoanzia Korea mwaka 1952, hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali, Tanzania ikiwamo. Utafiti wa Bruce Wydick na wenzake uliochapishwa 2013, katika nchi sita zikiwamo Kenya na Uganda, ulikuta waliofadhiliwa na shirika hilo walisoma kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu zaidi. Tofauti ya kuielewa ni hii: mchango wako wa mwezi hugharimia huduma nzima ya kituo, si lazima ada ya bweni ya mtoto huyo.

Nikipoteza kazi katikati?

Sema mapema. Muhula mmoja wa taarifa huipa parokia muda wa kutafuta mwingine. Njia bora ni kuwa wawili au watatu tangu mwanzo, na kuweka akiba ya muhula mmoja ambayo haiguswi. Usianze na mtoto wa pili kabla hujaona jinsi miaka minne ya wa kwanza italipika.

Binti akipata mimba?

Waraka wa Elimu wa mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwamo, kurudi katika mfumo rasmi. Shule ya kanisa inaweza isimpokee tena. Ya serikali ipo. Usikate msaada. Hamishia fedha huko, na uongeze ya matunzo ya mtoto mchanga kwa bibi.

Je, ufadhili unanipa haki ya kumchukua mtoto nikaishi naye huku?

Hapana kabisa. Kuasili ni kazi ya mahakama, na kwa raia wa kigeni sheria hutaka awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo. Yeyote anayekuambia kuna njia ya mkato, achana naye na utoe taarifa ustawi wa jamii.

Na nchi jirani?

Kenya ina mihula mitatu na mfumo tofauti wa madaraja, na tangu 2022 serikali ina mkakati wa kuwahamisha watoto kutoka taasisi kwenda kwenye familia. Uganda pia ni mihula mitatu. Kongo mwaka wa masomo huanza Septemba, na shule nyingi za msingi za serikali huendeshwa na makanisa kwa mkataba, kwa hiyo shule ya kanisa huko si lazima iwe ya binafsi.

Akimaliza kidato cha nne au cha sita, nini kinafuata?

Chuo cha ufundi, ualimu, uuguzi au kidato cha tano. Mwache achague kwa matokeo yake. Akifika chuo kikuu, ataomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), na hapo kuna mtego. Aliyesoma shule binafsi ya kulipia huonekana mwenye uwezo. Bodi hutaka uthibitisho kwamba alifadhiliwa, na vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA. Andika barua ya ufadhili angali anasoma, usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe: majina yake kama yalivyo kwenye cheti cha NECTA, shule, miaka uliyolipia, kiasi, uhusiano wenu, anwani na sahihi yako. Mkuu wa shule agonge muhuri. Toa nakala tatu, moja ibaki kwako, moja kwa mlezi, moja kwenye faili lake shuleni.